Hizo Nywele Zimesukwa na Mikono ya Nani?

Wacha niseme kitu ambacho kitafanya wengine wenu waache kunifuata leo. Kurasa nyingi sana za saluni, kucha na mekapu ninazoziona hapa Kisumu zinauza kazi ya watu wengine. Picha ya kwanza ni ya Lagos. Ya pili ni ya Atlanta. Ya tatu, jina la mwenyewe limefunikwa na emoji ya moyo pale kwa kona, lakini herufi mbili bado zinachungulia. Halafu chini, kwa herufi kubwa: TUKO NYALENDA, KARIBUNI NYOTE.

Kabla hujaanza kunitusi kwa komenti, sikiza kwanza. Mimi nilikuwa huko. Tena sikuwa mwizi mdogo.

Nimezaliwa Nyalenda B, upande wa Pandpieri. Mamangu alianza kusuka watu nywele kabla sijaanza nasari. Saluni yetu ni ya mabati: viti vitatu, draya moja, redio, na kioo kimepasuka kona ya juu tangu nikiwa darasa la sita. Ukivuka Ring Road uko Milimani, kwa mageti na miti mikubwa. Upande huu ni sisi. Mama hajawahi kukosa wateja wa mtaa, lakini si unajua wateja wa mtaa. Mia mbili leo, mia tatu mwisho wa mwezi, na ile nyingine "nitakutumia kwa M-Pesa nikifika" mpaka leo hajafika.

Kwa hivyo nilipomaliza Form Four nikamwambia, "Mama, niachie mambo ya mtandao, utaona." Akakubali. Anaamini mimi na simu ni kama yeye na kichana.

Nikapiga picha za kazi yake. Zikatoka mbaya, aki. Giza, ndoo ya maji nyuma, kioo kimepasuka, mguu wa mtu. Nikaona hii ni aibu. Nikaingia mtandaoni, nikachukua picha safi za wasusi wa nje, nikakata majina, nikaweka namba yetu. Laiki zikaingia. Wafuasi wakapita elfu mbili. Nikajiona nimeomoka. Nilikuwa natembea mtaani kama mtu ambaye ana ofisi.

Alhamisi moja akaja dada mmoja na bodaboda kutoka Milimani. Dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Akatoa simu, akasema, "Nataka hii. Hii mliweka Jumanne." Zilikuwa knotless nyembamba kama uzi, zinafika kiunoni, mwisho zimejikunja. Mama akachukua simu, akaiangalia muda mrefu. Halafu hakumwangalia mteja. Aliniangalia mimi, akaniuliza kwa Dholuo, pole pole, kama mtu anauliza bei ya omena:

"Nyathina, hizo nywele zimesukwa na mikono ya nani?"

Sikujibu. Nilijifanya nachaji simu.

Mama angeweza kukataa hiyo kazi. Hakukataa, kwa sababu picha ilikuwa kwa ukurasa wetu na jina letu lilikuwa hapo chini. Walisuka yeye na binamu yangu kutoka saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku. Mama ni moto kwa Abuja na rasta za kawaida, lakini saizi ile hakuwa ameizoea. Kazi ilitoka nzuri. Nasema ukweli, mtu yeyote ambaye hajaona ile picha angeisifu. Lakini yule dada alijiangalia kwa kioo, akaangalia simu, akajiangalia tena. Akasema, "Hii si ile." Akalipa nusu, akaenda.

Asubuhi alikuwa ameweka picha mbili sambamba kwa grupu moja ya Facebook ya akina dada wa Kisumu. Nilichoagiza, nilichopata. Watu walicheka siku tatu. Na hapa ndipo naumia mpaka leo: hawakunicheka mimi. Walicheka mikono ya mamangu. Mikono ambayo imenilipia karo. Mwenye alidanganya ni mimi, na mwenye alidharauliwa ni yeye.

Hiyo ndiyo siku nilielewa kitu ambacho hakuna mtu wa "masomo ya branding" alikuwa ameniambia. Picha ni ahadi. Ukiiweka kwa ukurasa wako unamwambia mtu: njoo, haya mikono yangu yanaweza. Hata kama hujaandika neno.

Najua mtasema, "Lakini ni ya kuonyesha staili tu." Sawa, tuongee kama watu wazima. Kila saluni iko na zile posta za ukutani za kampuni za nywele. Mteja anaingia, ananyooshea kidole, anasema nataka namba kumi na mbili. Hakuna mtu huwa anadhani yule modeli wa posta alisukwa hapo kwa mabati. Posta inajulikana ni posta. Shida ya simu ni kwamba haitofautishi. Ukurasa wako ndio albamu ya kazi yako, kwa hivyo kila kilicho ndani kinahesabika chako. Kama unataka kuonyesha staili ya mtu mwingine, iandike: hii ni kazi ya fulani, sisi tunaweza kukusukia inayofanana nayo. Sentensi moja. Haikugharimu hata bando.

Mwingine atasema, "Kila mtu anafanya." Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wewe kuacha. Fikiria matapeli. Mnajua vile wanafanya: ukurasa mpya, picha kali, "tuma nusu ndio nikuwekee nafasi", ukituma umeblokiwa. Tapeli hana saluni, hana kichana, hana hata kiti. Kitu pekee yuko nacho ni picha za kuiba. Sasa wewe mwenye saluni halali, mwenye kulipa kodi ya nyumba, ukiweka zilezile picha, mteja atawatofautishaje? Nyinyi wawili mnafanana. Halafu unashangaa mbona watu wanaogopa kukutumia diposti.

Na usidhani hawawezi kujua. Siku hizi mtu anaweka picha yako kwa Google Lens, sekunde tano anaona ilitoka wapi. Yule dada wa Milimani alifanya hivyo. Alimpata msusi mwenyewe, wa Lagos. Pia sheria haiko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya, ya mwaka 2012, inakataza kumwambia mteja uongo juu ya ubora wa huduma unayomuuzia. Sisemi polisi watakuja Pandpieri kwa sababu ya rasta. Nasema tu kwamba ile tunaita "marketing" ina jina lingine kwa vitabu.

Wacha niwape mfano wa mtu aliyefanya kinyume. Madam C.J. Walker, mwanamke mweusi wa Marekani, alizaliwa 1867 kwa jina Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani, na yeye alifua nguo za watu miaka mingi kabla aanze kuuza dawa ya nywele. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zinakatika. Kwa matangazo yake hakuweka sura ya mtu mwingine. Aliweka yake: nywele zilivyokuwa kabla, na zilivyokuwa baada. Alipokufa 1919 alikuwa na maelfu ya mawakala wanaouza bidhaa zake. Hakukuwa na TikTok. Kulikuwa na mwanamke anasema, niangalieni mimi.

Ukuje karibu zaidi na wakati wetu. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka Septemba 2017 ilikuja na rangi 40 za poda ya msingi. Watu weusi tii walijiona kwa tangazo wakiwa vile walivyo, na dunia nzima ikaongea. Mei 2022 ikaanza kuuzwa rasmi hapa Kenya. Sasa niambie, sister, kampuni ya mabilioni inatafuta pesa kwa kuonyesha ngozi nyeusi, na wewe wa Kisumu, kwa watu weusi wa ziwa, unaweka filta inayomfanya mteja wako awe rangi ya chapati? Bibi harusi anaangalia ukurasa wako ajue kama unaweza kupata rangi yake. Ukimuonyesha rangi ambayo haipo, atakuja apakwe poda, ajione jivu, alie siku ya harusi. Filta nayo ni ahadi ya uongo, hata kama picha ulipiga mwenyewe.

"Lakini picha zangu zinatoka mbaya." Hii ndiyo sababu ya kweli, na siicheki, kwa sababu ilikuwa yangu. Aibu ya mabati. Tunadhani mtu akiona bati atakimbia. Sasa nisikilize, sina kamera, niko na simu ya elfu kumi na mbili, na hivi ndivyo nafanya.

Kwanza futa lenzi. Mafuta ya nywele yanakaa hapo kila siku, halafu unalaumu simu. Mimi natumia kipande cha fulana. Pili, usipige ndani. Mtoe mteja mpaka mlangoni, asimame kwa kivuli, uso au kichwa kielekee nje kwa mwanga. Jua la Kisumu la saa saba ni kali, linachoma picha. Asubuhi na saa kumi jioni ndio poa. Tatu, tundika leso moja isiyo na maua mengi nyuma yake. Ndoo imepotea, kioo kimepotea. Nne, usivute kwa zoom, sogea wewe. Tano, piga mistari ya kichwa kwa karibu. Mteja anayejua nywele haangalii urefu, anaangalia kama mistari imenyooka na kama ngozi ya kichwa haijavutwa.

Na kitu ambacho wachache wanafanya: mwambie mteja akutumie picha baada ya wiki tatu. Kila mtu anaweza kupiga nywele zikiwa zimetoka kwa maji moto dakika tano zilizopita. Nywele ambazo bado zimekaa poa baada ya wiki tatu za jua, vumbi na bodaboda, hizo hakuna mtu wa Lagos anaweza kukuazima.

Sasa nikuje kwa kosa langu la pili, ambalo siliongelei sana.

Baada ya ile aibu nilifuta picha zote za kuiba. Nilikuwa na 61, zikabaki 18. Nikasema kuanzia leo ni kazi yetu tu. Nikaanza kupiga kila mteja, kila siku, na kuposti hapohapo, na uso, na mahali. Nilidhani nimeokoka.

Kulikuwa na mama mmoja alikuwa amehamia mtaani karibuni na watoto wawili. Alisukwa, akapendeza, akacheka kwa kamera. Nikaposti. Kesho yake alikuja asubuhi na mapema kabla hatujafungua. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Futa." Nikafuta mbele yake. Halafu akamweleza mama, si mimi, kwamba kuna mtu alimkimbia, na huyo mtu hakufaa kujua yuko Kisumu. Mtu wa kwao alikuwa ameona picha tayari, amempigia simu kumuuliza kama amehamia Nyalenda. Wiki hiyo hiyo alihama. Sijui aliko, na natumaini hakuna mtu mwingine anajua.

Mnakumbuka Januari 2024 vile wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu ya wanawake wanaouawa. Niliposti kuhusu hayo maandamano, na hasira yote. Na mimi huyohuyo nilikuwa nimeweka anwani ya mwanamke mtandaoni ndio nipate laiki.

Kucheka kwa kamera si ruhusa. Nirudie? Kucheka kwa kamera si ruhusa. Mtu anaweza kukubali upige picha ajione nyuma ya kichwa, na akatae uiweke kwa ukurasa. Hizo ni ruhusa mbili. Uliza zote mbili, na uulize kabla hujaanza kusuka, kwa sababu mtu akiwa amekaa kwa kiti chako na nusu ya kichwa imesukwa, atasema ndio hata kama anataka kusema hapana.

Hii pia si mambo ya heshima tu. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inasema huwezi kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake. Sura yake ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Siku hizohizo shule moja ya Uthiru, Roma School, ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tuseme wewe hutapigwa faini kama hiyo. Bado piga hesabu: kodi ya kibanda chetu ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Hiyo faini ya klabu peke yake ni kodi yetu ya miaka zaidi ya arobaini.

Na watoto, jameni. Shule zikifunga Agosti na Novemba saluni zinajaa watoto, na stetasi zote zinajaa sura za watoto, wengine bado wana sweta ya shule yenye jina. Mtoto hawezi kukupa idhini. Uliza mzazi. Kama mzazi hayuko, usipige.

Mnaniuliza, sasa tutaposti nini? Posti nyuma ya kichwa. Posti mistari. Posti mikono. Kwa nywele, uso si lazima kabisa. Ukurasa wetu siku hizi ni visogo na vidole, na hakuna mteja amewahi kuuliza sura iko wapi. Kwa mekapu ni ngumu zaidi, najua, uso ndio kazi yenyewe. Kwa hivyo tafuta watu wawili watatu wanaokubali kwa roho safi, wapake bure au nusu bei, muandikiane hata kwa WhatsApp kwamba wamekubali, na wakibadilisha mawazo ufute bila maswali.

Ahadi ya tatu ni bei. "Bei njoo inboksi." Hii kitu inanikera. Ninajua sababu: unaogopa jirani ataona umeandika 1,200 aandike 1,100. Lakini jirani anajua bei yako, sister. Alimtuma mpwa wake aulize. Mwenye hajui ni yule msichana wa kazi ambaye amejiwekea elfu moja kwa miezi miwili, anaangalia ukurasa wako, anaona "njoo inboksi", na anajiambia hiyo lazima ni ya watu wa Milimani. Hakuulizi. Anaenda kwa mtu ambaye ameandika.

Ni kweli nywele za watu si sawa, na kichwa kingine kinamaliza siku nzima. Basi andika "kuanzia". Kwetu imeandikwa hivi: knotless za wastani kuanzia 1,200, nywele unakuja nazo, masaa matano hadi saba, ukichelewa zaidi ya saa moja nafasi inaenda. Tangu tuandike, maswali ya inboksi yamepungua lakini wanaokuja wamekuja kweli. Hakuna yule wa kukaa kwa kiti, kusikia bei, na kukumbuka ameacha maji kwa jiko.

Na kwa diposti, chukua Till ya jina la saluni. Mtu akilipa, jina linatokea kwa simu yake. Likifanana na lile la ukurasa wako, moyo wake unatulia. Kitu kidogo, lakini ni tofauti yako na yule tapeli.

Mwisho, hebu tuongee juu ya wafuasi. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya juu ya nchi zote ilizochunguza kwa kutumia TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa. Kwa hivyo najua tamaa ya video kutrendi. Yangu moja ilipata watazamaji elfu arobaini. Unajua walileta wateja wangapi? Wawili. Wengine walikuwa Kampala, Mombasa, Doha, wananipa mioyo. Nashukuru, lakini mtu wa Doha hawezi kuja kusukwa Pandpieri. Soko la saluni ya mtaa ni umbali wa bodaboda: Nyalenda, Milimani, Nyamasaria, Kondele, Dunga. Kama wafuasi wako hawako hapo, ni mashabiki, si wateja. Na wale wa kununua hata si mashabiki.

Ndio maana kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni stetasi ya WhatsApp, ile mnaidharau. Lakini kuna siri moja: stetasi yako haimfikii mtu kama hajahifadhi namba yako kwa simu yake, na wewe yake. Kwa hivyo kabla mteja hajatoka kwa mlango mwambie, "Dada, nihifadhi, na mimi nakuhifadhi." Mteja mia moja waliokalia kiti chako na wakakuhifadhi wanashinda wafuasi elfu kumi wa kununua. Wao wameshagusa kazi yako. Wanajua haya mikono ni ya nani.

Sitawadanganya kwamba tumetajirika. Wafuasi walipungua nilipofuta. Kioo bado kimepasuka. Yule dada wa Milimani hajarudi, na simlaumu. Nilimwandikia nikamwambia ukweli, kwamba picha ilikuwa ya kuiba na aliyeiba ni mimi, si msusi. Alisoma. Hakujibu. Nikaweka pia kwa ileile grupu ambayo mama alichekwa. Komenti kumi na moja. Uongo ulichekwa na mamia, ukweli ukapata kumi na moja. Ni sawa. Nililipa nilichoweza.

Lakini mwezi uliopita mama alimaliza kichwa kimoja cha knotless. Nyembamba, si kama uzi, lakini nyembamba. Amekuwa akijifunzia kwa binamu yangu usiku, kimyakimya, tangu ile Alhamisi. Akanawa mikono, akapangusa na aproni, akasema, "Leta hiyo simu yako." Mteja alikuwa amekubali, kisogo tu. Nikamtoa mlangoni kwa kivuli, nikatundika leso. Mama akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake kwa zile nywele, vidole vyote vikiwa vinaonekana, na ile alama ya kuchomwa na maji moto kwa kidole gumba.

Akasema, "Piga hivi, na mikono."

Ilipata laiki ishirini na sita. Wanne wakapiga simu. Wote wanne walisema wanataka kusukwa na huyo mama mwenye mikono kwa picha.

Haya. Leo usiku kabla ulale, fungua ukurasa wako. Pitia picha moja moja na ujiulize lile swali la mama. Yenye huwezi kujibu, futa. Yenye una sura ya mtu hukumuuliza, mpigie umuulize. Zikibaki tano, tano ni nyingi, anzia hapo.

Na kama umebakisha sifuri, kuja inboksi. Si ya bei. Nitakuonyesha vile ya kufuta lenzi.